Jina Nililolitia Kwenye Tundu

Kila Jumapili baada ya ibada ninyi vijana mnaniuliza mimi bibi yenu, "Shosho, kwani wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikijibu kwamba nilikuwa natibu barua, mnaangaliana na kucheka. Juzi mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kama barua hulazwa wodini. Cheka tu, mwanangu. Nusu ya kanisa letu ni wauguzi, na hata mimi nilipofika Minnesota nilianza huko huko, nikigeuza wazee vitandani katika nyumba ya wazee kule Blaine, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo nikapata kazi ya kufagia katika jumba moja la nyaraka za kale hapa Saint Paul, na kutoka kwenye ufagio nikaingia chumba cha kutengeneza karatasi. Nilikaa humo miaka ishirini na miwili. Wagonjwa wangu hawakuwahi kubonyeza kengele wala kunitapikia.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni mzee Arne, fundi mkuu wa karatasi, mtu ambaye babu zake walitoka Norwe na maneno wakayaacha huko. Siku moja nilikuwa napiga deki chumbani mwake, nikamwona anakoroga gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ndogo. Madonge matupu! Uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia, "Mzee, huo uji umeshaharibika. Unga huanzwa na maji baridi." Akanitazama, akaitazama sufuria, akanipa mwiko. Nikampikia uji laini, nikauchuja mara mbili. Akaupapasa kati ya vidole, akasema, "Si mbaya sana."

Nilinuna siku mbili nzima. Sikujua kwamba kwa watu wa hapa "si mbaya sana" ndiyo sifa ya juu kabisa, hakuna nyingine juu yake. Mwezi uliofuata nikahamishiwa chumbani mwake. Kwa hiyo mkisikia mtu anadharau kupika, mwambieni Shosho Nyambura alipandishwa cheo kwa uji. Na gundi ya barua ni hiyo hiyo mpaka leo: nyepesi, haina sukari wala chumvi, nayo hupakwa kwa brashi ndogo juu ya karatasi laini ya Kijapani, halafu unangoja. Kazi ile nusu yake ilikuwa kungoja.

Kosa langu la kwanza nililitoa ofisi za kwetu. Mnajua karani wa kwetu anavyofungua faili: kidole mdomoni, karatasi, kidole mdomoni, karatasi. Mimi nami nikapewa barua yangu ya kwanza, nikalamba kidole nikafungua. Mzee Arne, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata gari lake lilipogongwa, alitoa mlio kama birika. Alipotulia akaniambia, "Kwanza umeilowesha. Pili, hujui nani aliilamba kabla yako." Haki ya Mungu, niliosha mdomo na sabuni.

Na msidhani tulikuwa tunavaa glavu nyeupe, hayo ni ya filamu. Ukivaa glavu vidole havihisi, utararua karatasi ukidhani unaibembeleza. Mikono inaoshwa, inakaushwa vizuri, na haipakwi mafuta. Hapo ndipo palipokuwa na msalaba wangu. Mkenya akae baridi ya Minnesota bila kupaka mafuta mikononi! Nilipauka hadi viwiko. Mume wangu, Baba Wairimu, aliniuliza kama kweli nafanya kazi kwenye nyaraka au nimeajiriwa kuchanganya saruji.

Barua nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za karne ya kumi na tisa, za watu waliomiliki watumwa, za watu waliopinga utumwa, na chache mno za watumwa wenyewe. Karatasi na stempu vilikuwa ghali wakati huo. Mtu akijaza ukurasa, anaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi yake ya kwanza, mpaka barua inakuwa wavu. Dawa yake ni kuinamisha kichwa polepole mpaka mistari ya upande mmoja ilale na ya upande wa pili isimame. Neno lisiposomeka, tafuta lile ambalo huna shaka nalo, kama Mungu au Januari, uzijue herufi za mwandishi yuleyule, ndipo urudi. Nilikuwa hodari kwa hilo. Najisifu kwa sababu nimestaafu na hakuna wa kunikataza.

Lakini kuna siku hodari anashindwa. Nilisoma barua moja ya bwana mmoja wa kusini, mwandiko mzuri ajabu. Anamwuliza mkewe kama kikohozi kimepungua, anamwagiza anywe asali, na mstari unaofuata anasema yule msichana wa jikoni amepata mnunuzi na mama yake asiambiwe mpaka gari liondoke. Asali, kisha hayo, kwa wino uleule. Niliinuka nikatoka nje kwenye theluji bila koti, nikazunguka jumba nikimtukana kwa Kikikuyu, maana Kiingereza hakikunitosha. Mzee Arne akanifuata na koti langu. Hakuniambia nitulie. Alilishika koti mpaka nilipokuwa tayari kulivaa.

Barua tulizinakili pia kwenye kompyuta, na hapo sheria yake ilikuwa moja, naye aliisema kila mwezi kama mtu anayelipa kodi ya nyumba: "Andika unachokiona, usiandike unachokijua. Penye tundu, andika kwamba pana tundu." Mimi nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Alipostaafu akahamia karibu na binti yake huko Fridley, nikabaki mimi ndiye mkubwa wa chumba. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo mjuaji alipojikwaa.

Kulikuwa na sanduku la karatasi za mchungaji mmoja wa hapa Saint Paul aliyepinga utumwa. Karibu na kipindi cha vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu waliotoroka utumwa walikuwa wakipanda Mto Mississippi kutoka kusini, na mchungaji huyo aliwaandikia barua wasiojua kuandika, akijiwekea nakala. Nakala moja ilikuwa ya mtu aliyeitwa Amos, anayemtafuta mama yake aliyebaki mashambani. Wino wa siku hizo ulikuwa na chuma ndani yake, na ukizeeka hula karatasi. Mahali palipoandikwa jina la mama, kalamu ilikuwa imedondosha wino mzito, na wino ukala. Barua inasema, "Namtafuta mama yangu, jina lake," halafu tundu la ukubwa wa harage. Mbele kidogo inasema, "Mwambieni nimeoa, nina binti wawili, mkubwa anaitwa Delphy na mdogo Ruth."

Aliyeiulizia barua hiyo ni Bi Ernestine, mama Mmarekani mweusi wa miaka themanini na mmoja, aliyekuwa dereva wa basi la shule. Amos ni babu wa babu yake. Kila Jumatano alikuja na fimbo yake na peremende za kunihonga. Akanieleza kwamba ukoo wao hukutana kila kiangazi, na aliye mkubwa kuliko wote husimama akaita majina ya waliotangulia, na watu huitikia. Orodha yao ilianza siku zote na "mama yake Amos." Haina jina. Mama yake Bi Ernestine aliita hivyo mpaka akafa, na sasa zamu ilikuwa yake.

"Dada Nyambura," akaniambia, "moyo wangu umeshatiwa betri. Mwaka ujao si wangu kuahidi. Nataka kumwita huyo mama kwa jina lake mara moja tu kabla sijaenda kuonana naye."

Ningemwambia nini? Jibu la kweli lilikuwa: kuna tundu. Lakini mimi ni Mkikuyu. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, hilo halina mjadala. Mimi mwenyewe binti yangu mkubwa ni Wairimu kwa sababu mama mkwe ni Wairimu, wala hakuna aliyeniuliza napenda nini. Nikaitazama barua: binti mkubwa, Delphy. Si jibu hilo hapo, limekaa wazi! Watafiti wenye digrii wamelipita miaka yote kwa sababu hawana mila. Nikajiona nimewaletea Wamarekani hekima kutoka Nyeri.

"Bibi yenu aliitwa Delphy," nikamwambia.

Bi Ernestine alilia mpaka miwani ikamtoka. Nikamkumbatia, nami nikalia, tukala peremende zote. Halafu, na hili ndilo naona haya kuliandika, nikarudi kwenye nakala ya kompyuta, na mahali pa tundu nikaandika Delphy. Sikuweka hata alama ya kuuliza.

Hayo yalikuwa majira ya kuchipua. Wakati huohuo mezani kwangu kulikuwa na bunda jingine la mchungaji yuleyule, lililopata mafuriko zamani, karatasi zimegandana kama chapati za jana. Bunda kama hilo halivutwi. Unaliweka kwenye boksi lililofungwa pamoja na karatasi yenye unyevu, isiguse, na unyevu unaingia polepole mpaka karatasi zenyewe zikubali kuachana. Ilinichukua miezi minne. Alhamisi moja ya Julai, karatasi ya mwisho ikaachia. Ilikuwa barua kutoka kusini. Inaanza, "Mwanangu mpendwa Amos." Nikashuka moja kwa moja hadi chini, na chini imeandikwa, "Hester, alama yake," na katikati pana msalaba wa mkono usiojua kalamu.

Hester. Ngai mwema! Nilikaa chini. Nikaisoma yote, na nilipoimaliza nilitamani sakafu ile niliyoifagia zamani inimeze. Mkutano wa ukoo ulikuwa Jumamosi, siku mbili tu.

Nikaenda kwa bosi wangu, kijana mstaarabu. Akasema tusiwe na wasiwasi, Jumatatu tutamwandikia barua pepe nzuri ya kusahihisha. Jumatatu! Wakati mama wa watu Jumamosi atasimama mbele ya ukoo wake aite jina nililolitunga mimi! Nyumbani Baba Wairimu akasema, "Mama, usiende kuwaharibia sherehe. Delphy, Hester, wote ni marehemu." Nikamwambia akalale. Nikampigia mzee Arne simu huko Fridley, nikamweleza yote bila kujitetea. Nikangoja anikaripie. Yeye akauliza tu, "Gari lako lina mafuta?"

Basi Jumamosi nikaendesha hadi Inver Grove Heights, nakala ya barua kwenye bahasha. Ya asili haitoki jumbani hata kwa dawa. Walikutana kwenye bustani kando ya mto, mbavu zinachomwa, muziki, viti vya kukunja kila mahali. Sijafunga hata mlango wa gari, mama mmoja mnene mwenye furaha akanijia, "Wewe ndiye dada wa barua!" na kabla sijafungua mdomo akanivisha tisheti juu ya blauzi yangu. Tisheti ya zambarau. Kifuani, kwa herufi za manjano unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya mto: WATOTO WA DELPHY. Nikatazama huku na huku. Watu sitini, wote zambarau, hata mtoto wa mwezi mmoja. Keki nayo zambarau.

Nilifikiri kurudi garini, nawaambia ukweli. Miguu ilishageuka. Lakini Bi Ernestine ameshaniona, ananipungia fimbo kutoka kwenye kiti chake chini ya hema. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikiwa nimevaa uongo wangu mwenyewe, saizi kubwa.

"Bi Ernestine," nikasema, "nilikukosea. Penye tundu niliandika ninachokijua mimi, sikuandika kilichopo. Delphy hakuwa mama yake Amos."

Mtu mmoja akazima muziki.

"Unaniambia," akasema taratibu, "nimewavisha watoto wangu jina lisilo lao."

"Ndiyo."

"Na wewe umelivaa."

"Hata mimi nimelivaa. Nimepokewa nalo mlangoni mwa gari."

Mdomo wake ukataka kucheka, ukajizuia. "Una jina la kweli?" akauliza.

"Ninalo. Na nina barua yake mwenyewe. Alimwambia mwalimu wa huko kusini, mwalimu akaandika. Amos alimpata mama yake."

Bi Ernestine alishika fimbo kwa mikono miwili. "Soma," akasema. "Kwa sauti. Wote wasikie."

Nikasimama. Mimi nimesoma barua maelfu, lakini ile niliuanza mstari wa kwanza mara mbili. Hester anamwambia Amos kwamba barua yake ilifika, na kwamba mwalimu alipoisoma yeye alikaa chini uani na kuku wakampanda. Hapo watu walicheka, nami nikapata pumzi. Anasema afya yake ni nzuri, jino moja tu linamsumbua. Anauliza kama Minnesota ni baridi wanavyosema. Ukoo mzima ukaitikia, "Ndiyo, Mama!" Anasema amefurahi kuwa ana wajukuu. Halafu nikafika pale nilipopakwepa kwa macho njia nzima, na nikasoma:

"Mwalimu amenisomea mara tatu mahali ulipomtaja binti yako mkubwa, uliyempa jina la dada yako. Umefanya vema. Sijasikia habari zake tangu siku walipomtia kwenye mkokoteni, naye alikuwa na miaka tisa. Nimeuliza kila anayepita. Mwanangu, huko juu mnafika watu kutoka kila upande. Umesikia lolote kuhusu Delphy?"

Nikasoma na jina la chini, Hester, alama yake. Nikainua macho.

Hakuna aliyekuwa anatafuna. Walisimama mbele yangu watu sitini, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wanaume wenye koleo za nyama mkononi, na kila kifua kina jina la yule mtoto wa miaka tisa. Mmoja wao aliangalia chini kwenye tisheti yake, kisha mwenzake, kisha wote. Mama aliyenivisha alijifunika uso.

Bi Ernestine alikuwa wa mwisho kujitazama. Alipitisha kiganja juu ya zile herufi, moja moja.

"Hajajibiwa," akasema.

"Nani?"

"Hester. Si ameuliza swali?"

Akaniomba mkono. Nikamwinua kutoka kwenye kiti, tukatoka naye hemani mpaka kwenye jua, na ukoo wote ukatupisha. Akageukia upande mto unakoelekea, kule kusini, akasimama bila fimbo. Sikujua kwamba kifua kile chenye betri kina sauti hiyo.

"Mama Hester!" akaita. "Delphy yuko hapa!"

"Yuko hapa!" wakaitikia wote, nami pamoja nao.

Nikadhani imetosha, nikataka kumrudisha akae. Akaukataa mkono wangu. Alisema mama yule amengoja sana, tumwite tena.